Harusi Yetu Shela, Lamu: Mwezi Mpevu na Maji ya Bamvua

Mimi na mume wangu tulipokubaliana kufanyia sherehe yetu mbali na Nairobi, tulibaki na majina matatu: Naivasha, Diani na Lamu. Naivasha ingewapunguzia wageni safari, na Diani ina hoteli zilizoizoea kazi hiyo, lakini sisi tulitaka mahali ambapo mgeni akitoka nje ya sherehe bado atapata cha kutazama, na kwa kigezo hicho Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, haukuwa na mshindani. Ndoa tulikuwa tumekwisha kuifunga kwa msajili, kwa hiyo lililobaki lilikuwa karamu ya wageni 40 katika kijiji cha Shela, kilomita kama 3 kutoka mjini.

Kosa letu lilikuwa tarehe. Tulichagua siku ya mwezi mpevu kwa ajili ya picha, na mratibu wa harusi tuliyemlipa akaafiki bila kuuliza lolote. Mvuvi yeyote angetuambia kwamba mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, na kwamba siku za bamvua katika pwani hii maji hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni, yaani saa ile ile tuliyoiandika kwenye kadi. Saa tisa na nusu viti vilikuwa vimepangwa mchangani kwa safu. Muda mfupi baadaye miguu ya safu ya mbele ilikuwa imezama, mkeka niliotandikiwa kupita unaelea, na mratibu yuko kwenye simu.

Aliyetuokoa ni nahodha aliyetuvusha asubuhi kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Alitazama maji, akatazama viti, akasema, "Bi harusi, haya hayajamaliza kupanda, ingieni ndani." Viti vikabebwa vichwani kupitia kichochoro ambamo wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu, hadi kwenye ua wa nyumba ya mawe tuliyokuwa tumepanga, na taa zilizokusudiwa ufukweni zikawekwa ndani ya zidaka za ukutani. Picha zote ninazozipenda zilipigwa humo. Laiti tungeanzia hapo, kwa kuwa nyumba hizo zilijengwa na watu waliojua jua na upepo wa kwao.

Muziki tulianza baada ya swala ya magharibi, kwa ushauri wa mwenye nyumba, ambaye pia ndiye aliyetuitia akina mama wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Walipoanza kugonga pembe zao, shangazi yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamika kwamba hakuna gari na kwamba mizigo yake imebebwa na punda, alivua viatu akaingia katikati.

Anayefikiria Lamu aepuke mvua za Aprili na Mei, aulizie jedwali la maji kabla ya kuchapisha kadi, na awaambie wageni mapema kwamba ndege ndogo hazipokei masanduku makubwa. Eneo lenyewe ninalipatia nyota 5. Mratibu nampa 2, na moja kati ya hizo ni kwa sababu viti vyote 40 vilirudi kwa mwenyewe vikiwa vikavu.