Txakoli na pintxo: uanze na chupa ipi?

Jina lisikutishe. Kwa Kibaski, lugha ya Wabaski wa kaskazini mwa Hispania, "tx" ni "ch" tu, kwa hiyo ukifika kwenye kaunta ya baa San Sebastián, mji wa huko, sema "chakoli", utamiminiwa. Ni mvinyo mweupe, mkavu, mchachu kama ndimu na tufaa bichi, wenye kilevi cha asilimia 11 hivi. Ukiunywa mtupu utakunja uso. Uonje na pintxo, vile vitafunwa vya baa vinavyochomekwa kijiti.

1. Getariako Txakolina. Mimi ningeanza na huu, bila kusita. Mizabibu yake, hasa aina ya Hondarrabi Zuri, imejaa kwenye miteremko ya Getaria na Zarautz inayotazama bahari, na mvinyo wenyewe una viputo vidogo vinavyochezacheza ulimini. Mhudumu huinua chupa juu na kuumimina kwenye bilauri pana, kama mtu anayepoza chai, tena kidogo tu, kiasi cha vidole viwili, uumalize kabla haujatulia. Agiza na gilda: zeituni, pilipili ndefu za kijani za siki, na antxoa, samaki mdogo aliyekolea chumvi, vyote kwenye kijiti kimoja. Siki na chumvi ile ingeua mvinyo mwingine. Huu unasafisha mdomo, na mkono unarudi sahanini wenyewe. Txomin Etxaniz ni jina la mtengenezaji linalopatikana hata nje ya Hispania.

2. Bizkaiko Txakolina. Huu ni wa upande wa Bilbao: Bakio, Gernika na jirani zake. Viputo ni haba au hamna, na mwili ni mzito zaidi. Unafaa na bakalao, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, au kroketa za moto, vile vibonge laini vya kukaanga. Tumia glasi ya kawaida ya mvinyo, hizo mbwembwe za kumimina kutoka juu ziache Getaria. Kama uchachu unakushinda, anza hapa, tafuta chupa ya mtengenezaji Itsasmendi.

3. Arabako Txakolina. Unatoka bara, bonde la Aiara. Eneo ni dogo, na lilitambuliwa rasmi 2001 tu. Ukiukuta, nunua, usisumbuke kuusaka.

Zaidi ya jina, soma mwaka wa mavuno kwenye lebo, uchukue wa karibuni kabisa, hasa ukinunua wa Getaria. Mimi niliwahi kuutunza mmoja kabatini miaka miwili nikisubiri mgeni wa maana. Viputo vilikuwa vimekwisha, na harufu ya ndimu nayo imeaga. Nikaupikia kome.