Michezo ya bure ya kusimamia rasilimali: uanze na upi, na upi unastahili pesa yako baadaye

Paka wangu wawili wa kwanza walikufa njaa wakati nimekwenda kuchemsha maji. Niliwaachia akiba niliyoona inatosha, majira ya baridi yakaingia, na niliporudi kibanda kilikuwa kitupu. Hakuna dirisha lililofunguka kuniomba ninunue almasi za mchezo kwa pesa halisi ili wafufuke. Ilibaki hesabu tu, na hesabu ilikuwa sahihi. Mkosaji nilikuwa mimi.

Toka hapo naipima michezo ya aina hii kwa swali moja: nikiharibu, mchezo unanionyesha nilipokosea, au unaniuzia dawa ya ugonjwa ulioniambukiza wenyewe? Mingi inayopendeza macho, yenye kuku wa macho makubwa na vinyumba vya rangi ya peremende, ni ya kundi la pili. Unapanda, unaambiwa urudi baada ya kungoja saa nane nzima, na ukiona mbali unalipa. Rasilimali inayosimamiwa pale ni subira yako, na msimamizi ni mtu mwingine.

Michezo minne ninayoipanga hapa chini inachezwa ndani ya kivinjari. Hupakui kitu, huhitaji kufungua akaunti. Yote ina toleo la kulipia, la simu au la kompyuta, kwa hiyo toleo la bure lichukulie kama kuonja kabla ya kununua. Maandishi yake kwa kawaida ni ya Kiingereza, ingawa sentensi ni fupi na maneno yaleyale hujirudia.

Wa kwanza: Kittens Game

Ulitoka mwaka 2014, na hauna picha hata moja ya paka. Upande mmoja kuna orodha ya ulichonacho, katikati vitufe, pembeni taarifa za kijiji. Hata hivyo huu ndio mchezo ulionifanya niwaonee huruma wanyama wasioonekana.

Unaanza na kitufe cha kuchuma mnanaa wa paka, ndio chakula chao. Ukifikisha vipimo 10 unanunua shamba la kwanza, na kila shamba linalofuata linapanda bei kwa asilimia 12. Mnanaa 100 unageuzwa kuwa ubao mmoja. Mbao tano zinajenga kibanda, kibanda kinakaribisha paka wawili, na paka wanakuja wenyewe bila kubisha hodi. Hapo ndipo wageni kama mimi hushangilia na hapo ndipo hukosea.

Tazama hesabu kwa karibu. Paka mmoja anakula mnanaa 4.25 kwa sekunde. Shamba moja linatoa karibu 0.63 kwa sekunde, yaani paka mmoja anahitaji mashamba saba hivi katika majira ya kawaida. Machipuko yanaongeza mavuno kwa nusu, nawe unajiona tajiri. Kisha baridi inayashusha hadi robo, na paka yuleyule sasa angehitaji mashamba 28 hivi. Huwezi kuwa na 28 mapema hivyo, na huhitaji. Unachohitaji ni akiba. Siku moja ya mchezo ni sekunde mbili, msimu una siku 100, kwa hiyo baridi inadumu sekunde 200. Paka wawili kwa sekunde 200 wanakula 1,700. Ingia kwenye baridi ukiwa na 1,700 ghalani na hakuna atakayekufa, hata shamba likikauka kabisa. Mimi niliingia na 600, nikajisifu kwamba nimeweka akiba.

Hesabu hiyo moja ndiyo mchezo mzima. Baadaye zinakuja maktaba, migodi, biashara na makabila mengine, mambo yanayoweza kukushikilia kwa miezi, lakini kila ngazi inakuuliza lilelile: kinachotosha leo kitatosha msimu ujao? Anayependa kupanga mambo mapema hatatoka humu upesi.

Kasoro yake ni vitufe. Vinaongezeka hadi skrini ndogo ya simu inalemewa, kwa hiyo tumia kompyuta. Ukiupenda na unataka kutembea nao, hapo nunua toleo la simu.

Wa pili: A Dark Room

Kama Kittens Game ni shamba, huu ni hadithi ya usiku. Aliyeutengeneza ni Michael Townsend, mwaka 2013. Unaamka kwenye chumba chenye giza na kuna kitufe kimoja: washa moto. Moto unahitaji kuni, kuni ziko msituni, na punde mgeni aliyechoka anaingia na kuanguka pembeni. Sitasema zaidi. Ukiusoma mtandaoni kabla ya kuucheza umejiibia.

Naweza kusema jinsi unavyokubana. Kijiji kinaishia vibanda 20, kila kibanda watu wanne, hivyo una mikono 80 tu na kazi ni nyingi kuliko mikono. Ukiongeza wawindaji, kuni zinapungua. Ukimtoa mtu kwenye kuni kumpeleka kukausha nyama, moto nao unakuangalia. Vitufe vinapumzika baada ya kubonyezwa, ila mapumziko ni ya sekunde chache hadi dakika moja na ushee, na hayauzwi.

Nimeuweka wa pili kwa sababu una mwisho, unaoufikia ndani ya saa kadhaa, ilhali orodha hii ni ya michezo ya kuishi nayo. Kwa urahisi wa kutumia, lakini, huu ndio wa kwanza. Ni maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe, unaweza kuugeuza ukurasa uwe mweusi, na hakuna kinachohitaji kasi ya vidole mpaka utakapotoka kijijini. Toleo la iPhone linasomeka kwa sauti, na wachezaji wasioona wamelicheza tangu zamani. Mwenye uoni hafifu, au anayemtafutia mtu wa namna hiyo, aanzie hapa na asisite kulipia lile la simu.

Wa tatu: Cookie Clicker

Julien Thiennot, Mfaransa anayejiita Orteil, aliuandika kwa usiku mmoja Agosti 2013. Unabofya biskuti kubwa, unapata biskuti, unanunua vitu vya kukubofyia. Kuna mabibi wanaokuokea. Wanatabasamu. Wanunue wengi na uwaangalie vizuri.

Wenye ubishi huuliza kama huu kweli ni mchezo wa kusimamia rasilimali, maana rasilimali ni moja tu. Nakubali nusu. Usimamizi wake uko kwenye bei: kila unaponunua kifaa, kinachofuata cha aina ileile kinapanda kwa asilimia 15. Kidole cha kwanza cha kubofya ni biskuti 15. Cha kumi ni 53. Cha hamsini ni zaidi ya 14,000. Swali la kila dakika ni lini uachane na kitu ulichokizoea uhamie kingine, na wengi tunachelewa.

Ukikosea hupotezi chochote ila muda, na ndiyo maana ninawapa huu watoto na watu wanaosema hawajui michezo. Angalizo ni la mikono. Mwenye maumivu ya kiganja asishindane na biskuti. Baada ya dakika kumi mabibi wanatosha kufanya kazi peke yao. Toleo la bure lina matangazo pembeni. Lile la kulipia lilifika Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mwaka 2021, na kusema kweli kwa mchezo huu sikuona haraka ya kulinunua.

Wa nne: shapez

Huu ni wa viwanda. Unachimba maumbo, mduara na mraba, unayakata, unayazungusha, unayapaka rangi na kuyasafirisha kwa mikanda hadi kituo cha katikati. Majengo hayana gharama na migodi haikauki, kwa hiyo shida ni nafasi na mpangilio, yaani msongamano unaousababisha mwenyewe. Wenye shida ya kutofautisha rangi wana mpangilio wao kwenye mipangilio. Unataka skrini kubwa na kipanya, na toleo la bure linakata mapema, mara tu mkono unapopata moto. Nimeuweka chini kwa sababu hiyo.

Na ile ya mashamba yenye almasi? Sijaipa namba. Nilicheza mmoja kwa miezi na nilichokumbuka ni saa za kusubiri. Isitoshe, unacholipia humo si chako. FarmVille, uliovuma kwenye Facebook kuanzia 2009, ulizimwa siku ya mwisho ya mwaka 2020 pale Flash, teknolojia iliyouendesha, ilipositishwa, na mashamba ya watu yakaondoka nao.

Hata michezo ya hapa juu ina hatari yake, na hii nimeilipia kwa kijiji cha pili, kilichokuwa na paka 60 na baridi nyingi nyuma yake. Maendeleo yako yanakaa ndani ya kivinjari. Siku nilipofuta historia na data za kivinjari kompyuta iwe nyepesi, nilifuta na paka. Kwa hiyo, kabla hujazama, tafuta kwenye Kittens Game, A Dark Room au Cookie Clicker sehemu ya kutoa nakala ya mchezo. Utapewa mstari mrefu wa herufi zisizosomeka. Unakili wote, usiache hata herufi ya mwisho, ujitumie kwa barua pepe, na uandike tarehe kwenye kichwa cha ujumbe ili ujue nakala ipi ni ya karibuni. Mimi hufanya hivyo kila kipupwe cha mchezo kinapokwisha, nikishahesabu kwamba paka wote wapo.