Windows imekufa ila D ina mali zako? Nunua kwa mpangilio huu

Wakuu, huku Tabora umeme ukianza zile kukatika-katika zake, kompyuta zinagoma kuwaka, unaona vidoti vinazunguka kwenye nembo ya Windows mpaka chai inapoa, na ukiipeleka mjini jibu ni lilelile, "tupige Windows upya". Mwaka juzi nilikubali. Fundi akauliza kuna vitu humu, nikamwambia vipo D, akasema poa, narudi saa kumi jioni nakuta patisheni moja tu, nyeupe, picha za harusi ya dada na mahesabu ya asali ya misimu mitatu hamna. Tangu siku hiyo nanunua vifaa nahangaika mwenyewe.

Kabla hujagusa chochote, jua kwanza D yako (ile sehemu ya diski unapoweka vitu vyako) ni nini. Wengi tunadhani ni diski ya pili kumbe ni ileile moja imekatwa vipande viwili, yaani nyumba moja vyumba viwili, paa likiezuka mnalowa wote. Kwenye orodha ya diski utakayoiona ukiwasha kwa flashi ya hapo chini, ukiona namba 0 peke yake basi unayo moja, ikitokea na namba 1 ambayo si flashi yenyewe hapo ndo unazo mbili kweli.

Kwangu namba moja ni flashi. Inatakiwa GB 8 kwenda juu, mi nachukua ya 16, bei yake hata kuku wa kienyeji haifiki. Unaazima kompyuta ya mtu, unashusha bure programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi ya Windows (subiri bando la usiku, ni zaidi ya GB 4, na kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa), halafu ukishaiwasha ile mbovu kwa flashi usikimbilie kuinstoo, ingia sehemu ya kurepea. Mara nyingi diski ni nzima, ni mafaili tu ya Windows yameharibika umeme ulipokata ghafla, na repea haigusi D. Ila kuna mtego hapa umeliza watu: humo ndani herufi zinaweza kubadilika, unayoiona C ikawa ndo D yako, kwa hiyo kabla ya kuandika chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) au kufomati chochote angalia ukubwa wa diski, achana na herufi. Na flashi za TB 2 za bei ya soda mbili zipite, ni feki, ukitilia shaka ipime kwa programu ya H2testw.

Namba mbili SSD mpya, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hii ndo salama kuliko zote maana ile ya zamani unaichomoa nzima unaiweka pembeni, Windows inaingia kwenye mpya, hakuna cha kufutika. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya hela tu. Laptopu za zamani nyingi zinakula ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) ya inchi 2.5, za kisasa zinakula M.2 (nyembamba kama kadi), na hapo fungua mfuniko uione ya kwako kabla ya kuagiza Kariakoo, maana M.2 zipo za SATA na za NVMe (muunganisho mpya zaidi), zinafanana umbo ila mara nyingi haziingiliani. Mwenye desktopu, chomoa nyaya za diski nyingine zote kabla hujainstoo, hata usingizi ukikushika huwezi kukosea.

Tatu, kebo ya USB kwenda SATA. Hii inakusomea diski ya zamani kwenye kompyuta ya rafiki, unahamisha vitu vyako, unapima na CrystalDiskInfo (programu ya kuangalia afya ya diski), ikisema Good rudi kwenye flashi, ikisema Caution au Bad hamisha haraka nenda kanunue SSD, na chkdsk usiiguse kabla hujahamisha maana diski inayokufa unaimalizia. Zile kubwa za inchi 3.5 zinataka na adapta yake ya umeme. Windows ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa, kataa. Ikiomba tarakimu 48 za BitLocker (kufuli la Windows la diski) zitafute kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Eksteno (diski ya nje ya kuwekea nakala) ni nzuri ila hiyo ni ya kununua kabla ya msiba.

Mwisho kabisa, programu za kulipia za kurudisha vilivyofutwa. Jaribu kwanza PhotoRec, ni bure, ila usiiweke kwenye diski hiyohiyo unayotaka kuiokoa, utaandika juu ya picha zako.

Desktopu yangu saa hivi ina SSD, na ile diski ya zamani inakaa na vitu tu. Ile kebo wameshaazima majirani wawili, mmoja hajarudisha mpaka leo.