Kura ya diwani Glasgow, huduma nawapa nyota 4

Wana Mwanza, niko likizo Kirumba na kila nikipita Mwaloni naulizwa kura za madiwani Scotland zikoje. Haya, Mei 5, 2022 nilipiga Glasgow mimi Mtanzania kabisa, maana kule mkaazi halali akijiandikisha anaruhusiwa, hata wa miaka 16. Kitambulisho sikuombwa, ni jina na anwani tu, nikapewa karatasi ndefu, penseli imefungwa kwa kamba. Huweki tiki, unaandika 1, 2, 3 mpaka uchoke, kwa sababu kata moja inatoa madiwani watatu au wanne, sio mmoja kama huku kwetu.

Nilichopenda zaidi ni hiki: mfano viti 4, kura 10,000, mgombea akifika 2,001 kapita (watano hawawezi kufika hapo wote) na ziada inahamia kwa chaguo linalofuata, yaani kura yako haiozi kama dagaa walionyeshewa.

Nyota moja nimeikata kwa maelezo, msimamizi alikuwa na haraka mno, mama mmoja tuliyetoka naye akaniambia kaweka X mbili badala ya namba, iliniuma jamani. Kuhesabu ni mashine, kesho yake matokeo. 2027 Mungu akipenda napiga tena.