Midnight inakuja: nani atakatwa nguvu, nani ataongezwa, na sisi wa pingi ya Mombasa tushike klasi gani

Asalam aleikum wanangu, mko salama? Karibuni tena. Leo niko hapa Mji wa Kale, nimeanza kurekodi mapema kidogo kwa sababu adhana ya alasiri imekaribia na sitaki kuongea juu yake, kwa hivyo tuingie moja kwa moja.

Midnight, ekspansheni mpya ya gemu ya mtandaoni World of Warcraft, inatoka tarehe 2 Machi 2026 na tangu wiki jana kila anayejua nacheza hii gemu ananiuliza swali moja tu, nipandishe klasi gani, yaani aina gani ya mhusika. Binamu yangu kule Kisauni amefikia kusema anamwacha Rogue wake wa miaka sita eti kwa sababu ameona namba za beta, lile toleo la majaribio. Nikamwambia ngoja, usimwache, ntafanya video. Basi hii ndio hiyo video.

Tuanze na hizo namba, maana ndizo zinazowapoteza watu. Beta na patchi (sasisho) ya kabla ya ekspansheni haziwezi kukuambia nani atakuwa juu mwezi mmoja baada ya kutoka, na hili halijaanza leo. Oktoba 2008, kabla Wrath of the Lich King haijatoka, patchi iliingia na Paladin wa Retribution akawa anaua watu kama mchezo, watu wakakimbilia Paladin, na haikuchukua muda Blizzard, watengenezaji wa gemu, wakamkata nguvu. Halafu Novemba ekspansheni ikafunguka na Death Knight, klasi mpya kabisa, akaingia na nguvu ambazo zilichukua patchi kadhaa kupunguzwa. Rukeni mpaka Julai 2023, klasi ya Evoker akapewa speki (tawi la klasi) ya tatu, Augmentation, ile ambayo kazi yake kubwa ni kuongezea wenzake damiji, yaani nguvu ya pigo, na ghafla kila kundi la juu la Mythic+, zile danjoni ngumu za watu watano, likawa linamtaka yeye, huna Augmentation hutoki. Naye akakatwa, akakatwa tena. Hata ukitoka nje ya gemu hii, Final Fantasy XIV ilipotoa Dawntrail Julai 2024 yule Pictomancer, klasi mpya, alitawala damiji kwa muda mrefu tu.

Sasa Midnight inaleta nini kipya? Demon Hunter anapata speki ya tatu, Devourer, ambaye hapigi kwa mapanga ya karibu kama Havoc, anapiga uchawi wa void (giza) kutoka masafa ya kati na anatumia Intellect, takwimu ya wachawi. Na mpaka sasa tulikuwa na klasi 13 na speki 39, na huyu anafanya 40.

Kwa hivyo utabiri wangu wa kwanza, na huu nausema nikiwa na uhakika kuliko yote: Devourer ataanza juu, na raidi, vile vita vya kundi kubwa, zikishafunguka atakatwa ndani ya wiki chache. Sababu si kwamba Blizzard wanapenda kitu kipya, ingawa naamini wanataka watu wakijaribu, sababu ni kwamba speki ambayo haijawahi kuingia raidi ya kweli haina historia, hawana kumbukumbu ya miaka ya kuwaambia hapa inazidi na hapa inapungua, wanakisia, na ukikisia chini watu wanaikimbia milele, ukikisia juu unaikata Jumatano ya reset, siku gemu ya Ulaya inapoanza wiki mpya, na maisha yanaendelea. Lakini sikilizeni, kukatwa si kufa. Demon Hunter yeyote anaingia na Chaos Brand, ile inayomfanya adui aumie zaidi na uchawi wa raidi nzima, kwa hivyo kiti kimoja kwenye raidi kipo tu. Mwenye kumpenda amchukue, ila amchukue kwa jinsi anavyochezeka, asimchukue kwa namba.

Wa pili ni Mage wa Fire na wenzake wanaotegemea sana takwimu za pili zinazotoka kwenye nguo, crit (pigo kubwa la bahati), haste (kasi) na kadhalika. Mwanzo wa ekspansheni kila mtu anavaa nguo duni, crit yako ni ndogo, Fire inakohoa. Baadaye nguo zikipanda anapanda kwa kasi kuliko wengi. Hii imejirudia mara nyingi sana na bado kila ekspansheni watu wanalia mwezi wa kwanza, halafu wanaongezewa nguvu, halafu nguo zinakuja juu ya hiyo nyongeza na inabidi wakatwe. Mimi nadhani itatokea tena. Kama wewe ni mtu wa Fire, vumilia, usianze klasi nyingine kutoka sifuri.

Augmentation ntapita haraka, watamshika kamba fupi, maana kila akiwa mzuri kidogo tu anabadilisha makundi ya gemu nzima. Hilo halina mjadala kwangu.

Sasa tuje pale ninapotaka kukaa, maana hili silioni likisemwa na wale wanaorekodi wakiwa Uingereza au Ujerumani na wao wana pingi ya 20, yaani milisekunde 20 za amri kwenda kwenye seva na kurudi. Sisi tuko Mombasa. Hii gemu haina seva Afrika, tunacheza seva za Ulaya. Sisi ni watu wa bahati kwa upande mmoja, nyaya za baharini zinatua hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS zilifika 2009, na kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa inategemea setilaiti ambayo hata kwenda na kurudi angani peke yake inakula karibu nusu sekunde. Leo pingi yangu ikiwa nzuri iko 150, jioni watu wote wakiwa mtandaoni inafika 180. Na Bahari ya Shamu nyaya zilipokatika 2024, wallahi kuna usiku nilikuwa naponya mtu aliyekwisha kufa.

Hii inahusu vipi mizani ya klasi? Inahusu sana. Ule mpangilio wa klasi unaouona kila mahali umetengenezwa na watu wenye pingi ndogo. Kuna kitu ndani ya gemu kinaitwa spell queue, kawaida ni milisekunde 400, yaani ukibonyeza spelli ya pili kabla ya ya kwanza kumalizika gemu inaiweka foleni. Kwa hivyo mtu anayepiga spelli za kuvuta, Warlock, Mage, pingi ya 170 haimuibii kitu kikubwa, foleni inambeba. Lakini kazi ya kuona na kujibu, kama kukata spelli ya adui sekunde ya mwisho, au kukimbilia ukingo wa moto uliotokea miguuni, pale huna foleni, pale ni wewe na waya. Tanki, yule anayepokea vipigo vya adui, na wapigaji wa karibu wanaumia zaidi. Mganga wa kujibu majeraha anaumia, lakini Druid wa Restoration anayetandika dawa zake mapema zikatibu polepole, huyo anatufaa kabisa.

Na hapa ndio Midnight inanipa matumaini, na nasema kwa moyo wote. Blizzard wamezifungia adoni, programu ndogo za nyongeza, taarifa za vita, zile adoni zilizokuwa zinakwambia kwa sauti sogea kushoto, bonyeza sasa, na wenye WeakAuras, adoni mojawapo maarufu, wenyewe walishasema hawatatengeneza toleo la Midnight. Watu wamekasirika, nawaelewa, mimi mwenyewe nimekaa miaka nikizipanga zangu. Lakini ukiondoa adoni lazima vita vyenyewe vipunguze yale matukio ya kujibu kwa robo sekunde, na klasi nyingi zimepunguziwa vitufe. Mtu mwenye pingi 170 akipewa vitufe vichache na muda mrefu wa kuona, pengo lake na yule wa pingi 20 linapungua. Utabiri wangu wa tatu basi ni kwamba zile speki zilizopunguziwa sana zitayumba miezi ya kwanza, zingine zitazidi, zingine zitaonekana tupu, na zitaguswa karibu kila wiki, lakini kwa sisi wa huku zitachezeka vizuri kuliko zilivyowahi.

Kwa hiyo binamu, na mwingine yeyote mwenye Rogue. Rogue anabonyeza kila sekunde moja, hana ile sekunde moja na nusu ya wengine, na ni mtu wa karibu. Kwa pingi yetu si rahisi, hilo ni kweli, sitakudanganya. Lakini miaka sita ya kumjua mtu wako mikononi inakupa zaidi ya asilimia tano ya damiji ambayo itahama kwa mwingine Jumatano ijayo. Usajili ni euro 12.99 kwa mwezi, ukizigeuza shilingi si pesa ya kuchezea, mwezi mzima wa kupandisha Devourer kutoka chini ili umkute ameshakatwa ni hasara.

Mimi nafanya hivi: Warlock wangu ndio mkuu, Druid wa Restoration wa pili, na Devourer ntamjaribu kwenye danjoni tu, bila kumnunulia kitu kwenye mnada wiki mbili za kwanza. Faiba yangu nayo nimeitoa kwenye waifai, nimevuta waya mpaka kwenye kompyuta, pingi haikushuka sana ila ile kurukaruka imeisha. Raidi ya kwanza ikifunguka ntarudi hapa na namba za pingi yetu, zilizopigwa kutoka hapa Mombasa, na tutaona kuhusu huyo Devourer nilikosea wapi.

Haya, adhana hiyo. Tuonane.