Suruali ya Ujauzito Isiyoshuka: Pa Kutoa Hela na Pa Kubana

Lalamiko linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wasomaji wajawazito halihusu bei wala rangi. "Suruali inashuka," ndivyo wanavyoniandikia. Mtu amenunua suruali ya ujauzito, ameifua mara chache, na sasa kila akiinuka kwenye kiti lazima aivute. Mmoja ameacha kuivaa kazini kwa sababu anaona aibu kujivutavuta mbele za watu. Anakwenda kununua nyingine ya bei ileile, nayo inafanya vilevile, kisha ya tatu. Kufikia mwezi wa nane ametumia hela ambayo ingetosha kununua suruali nzuri mara mbili, na hiyo nzuri hajawahi kuivaa.

Kwa hiyo leo sitagusa mitindo, wala kama kitambaa ni laini. Hayo kila mnunuzi anayaona mwenyewe. Nataka tushike mahali pamoja ambapo wauzaji hawapataji na wanunuzi hawapagusi: mkanda wa tumbo, yaani kile kipande kipana kinachovutika kilichoshonwa mahali pa kiuno.

Wengi wanaupima mkanda kwa kuuvuta, wakiona unavutika wanaridhika. Lakini kila kitambaa cha fulana kinavutika. La kuangalia ni kama unarudi. Pamba tupu ukiivuta inapanuka na kubaki hivyo. Kinachoirudisha ni nyuzi za spandeksi zilizofumwa ndani yake, ambazo lebo nyingine huziita elastani na watu wengi wanazijua kwa jina la Lycra. Uzi huo ulibuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont, alipokuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira katika nguo za ndani za kubana mwili. Ni uzi mzuri sana, ila hauvumilii joto kali wala klorini. Maji ya moto, mashine ya kukaushia, pasi na dawa ya kung'arisha nguo vinauchosha mpaka unakatika ndani kwa ndani. Mkanda unaonekana mzima, kumbe imebaki pamba peke yake.

Ukiwa dukani, au umeshika nguo ya mtumba, fanya hivi. Vuta mkanda kwa upana hadi karibu na mwisho wake, uushikilie huku ukihesabu polepole mpaka kumi, kisha uachie. Ukirudi palepale, endelea. Ukibaki na mawimbi kwenye ukingo, au ukahitaji kuunyoosha kwa kiganja, rudisha nguo ulipoitoa. Kisha uvute tena ukiwa umeuelekeza kwenye mwanga. Ukiona vijiuzi vyeupe vyembamba vimechomoza kama mvi, hizo ni spandeksi zilizokwisha kukatika. Mwisho igeuze suruali ndani nje uangalie mshono unaounganisha mkanda na suruali. Mshono ulionyooka, wa uzi wa kawaida, hauvutiki pamoja na kitambaa: ama unakatika, ama unakukata wewe chini ya tumbo siku nzima. Unaofaa ni ule wa zigizaga, unaopinda huku na huku, au wa ovaloki, ambao nyuzi zake huzungushia ukingo wa kitambaa. Na ukikuta ndani ya ukingo kuna lastiki yenye matundu ya vifungo, ya kukaza na kulegeza kadiri tumbo linavyokua, jua kwamba aliyeishona nguo hiyo alimfikiria mvaaji.

Kuna sababu nyingine ya suruali kushuka, nayo inaniudhi zaidi kwa sababu muuzaji ndiye anayeisababisha. Nguo za ujauzito hukatwa kwa kufuata saizi uliyokuwa ukivaa kabla ya mimba. Nafasi ya tumbo imeshawekwa. Lakini utasikia, "Chukua kubwa, utaongezeka." Ukichukua kubwa, mapajani na matakoni inapwaya, haina pa kujishikiza, uzito wote unauangukia mkanda, na mkanda unateremka. Anza na saizi yako ya kawaida. Panda moja tu kama mapaja na nyonga zimebana kwelikweli.

Sasa tupange, kuanzia kinachostahili hela yako zaidi.

Cha kwanza ni suruali au taiti yenye mkanda mrefu, unaopita juu ya kitovu. Kwa kawaida mfuko wa uzazi hufika usawa wa kitovu karibu na wiki ya 20, na kufikia wiki ya 36 unakaribia mbavu. Mkanda mfupi wa kukaa chini ya tumbo hauna pa kupumzikia wakati huo. Na kama utajifungua kwa upasuaji, mkanda wa chini hukaa karibu kabisa na mshono wa kidonda, ilhali mrefu hupita juu yake. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki 6 kurudi katika ukubwa wake, kwa hiyo suruali hii utaivaa hata baada ya mtoto kuja. Haya yote hayasemwi popote kwenye lebo.

Hapa nina upande, na sioni sababu ya kuuficha: napenda Boob Design. Ni kampuni ya Uswidi iliyoanza mwaka 1999 na nguo za kunyonyeshea, na nguo zake nyingi hubuniwa zivaliwe wakati wa mimba na ziendelee wakati wa kunyonyesha. Mikanda yao ndiyo inayorudi vizuri kuliko yote niliyowahi kushika. Ni ghali, na simwambii mtu akanunue kabati zima. Ninachomwambia ni atafute za mtumba. Nguo ya ujauzito huvaliwa miezi michache, kisha inakunjwa na kuwekwa, ndiyo maana nyingi za mtumba hazijachakaa. Suruali moja ya namna hiyo iliyofaulu jaribio la mkanda inazishinda suruali tatu mpya ambazo hazikufaulu. Mkanda ukiwa umechoka, usiikubali hata kwa bure, labda kama una fundi anayeweza kuukata na kushonea mwingine. Kwa fundi hodari hiyo si kazi kubwa, na jinzi yenyewe inaweza kuwa bado nzima kabisa.

Cha pili ni gauni la kitambaa kinachovutika, lenye marinda pembeni na kifua kinachofunguka. Tumbo linapokua hunyanyua pindo la mbele, na gauni linakuwa refu nyuma na fupi mbele. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1938, huko Dallas, Elsie Frankfurt hakupendezwa na jinsi suti ilivyomkaa dada yake Edna aliyekuwa mjamzito. Alikata uwazi mbele ya sketi, mahali pa tumbo, akaweka kamba za kufungia, na pindo likaning'inia sawa pande zote. Kwa ubunifu huo madada hao walianzisha kampuni ya Page Boy. Leo tatizo lilelile linatatuliwa kwa kukata kipande cha mbele kirefu kuliko cha nyuma, na kukikusanya kwa marinda kwenye mishono ya ubavuni.

Basi shika gauni mabegani, lilaze, ulinganishe mbele na nyuma. Kama mbele hakuna urefu wa ziada wala marinda, hilo ni gauni la kawaida lililobandikwa neno "ujauzito", na bei ikapandishwa kwa neno hilo. Huu mchezo unanikera mno. Mama hana muda, mgongo unamuuma, nguo zake za zamani hazifungi, na mfanyabiashara anajua hayo yote anapopanga bei. Ukitaka gauni pana la kawaida, nenda upande wa magauni ya kawaida ulilipie bei ya kawaida. Hela ya ziada itoe tu pale ambapo mshonaji amefanya kazi ya ziada.

Kuhusu kifua kinachofunguka, kumbuka picha ya mwaka 2013 ya Catherine, mke wa William wa Uingereza, akiwa na George aliyezaliwa majuma machache kabla. Gauni alilovaa lilikuwa la Seraphine, kampuni ya nguo za ujauzito, na mtoto alikuwa ameshazaliwa. Gauni la namna hiyo, la kukuvusha kutoka mimba hadi kunyonyesha, ndilo nafuu halisi. La kujizungushia na kufunga kwa kamba, au lenye vifungo mbele, linahesabika kama nguo mbili.

Cha tatu ni mkanda wa kuvaa juu ya suruali yako mwenyewe ikiwa haijafungwa kishikizo. BellaBand ndiyo maarufu zaidi, ingawa wapo wengi wanaotengeneza. Thamani yake iko mwanzoni. Mpaka karibu na wiki ya 12 mfuko wa uzazi bado umo ndani ya nyonga. Suruali inayokubana wakati huo mara nyingi imebanwa na tumbo kujaa gesi. Kwa mimba ya kwanza tumbo huchelewa zaidi kuonekana kuliko kwa zinazofuata. Ukinunua suruali kubwa mapema utaivaa ikipwaya, na kwa kuifuafua utauchosha mkanda kabla tumbo halijafika. Mkanda wa namna hii ulio imara unakuvusha majuma hayo, na baada ya kujifungua unakusaidia tena kurudi kwenye suruali zako polepole. Kwa wiki chache za mwanzo hata lastiki ya nywele inatosha: ipitishe kwenye tundu la kishikizo, uirudishe izunguke kishikizo, ufunike kwa blauzi ndefu.

Cha nne ni vilivyomo kabatini: mashati ya mume, sweta zinazofunguka mbele, sketi za lastiki. Usizinunue. Vaa ulizonazo, azima kwa dada au wifi, na uzirudishe zikiwa safi.

Kukodi kunafaa kwa sherehe moja tu. Kwa nguo za kila siku gharama inajikusanya bila wewe kuona.

Zile taiti za bei ya chini zinazouzwa pakiti moja kadhaa kwa pamoja, za kulalia tu.

Kwa idadi, suruali mbili, taiti moja, magauni mawili na blauzi nne zinatosha kabisa ukifua kwa zamu. Fua kwa maji ya baridi, anika kivulini, usipige pasi mkandani.

Sidiria usiibanie hela, ila usiiharakie. Matiti huanza kubadilika mapema, hivyo nunua moja laini isiyo na waya yenye safu kadhaa za vishikizo mgongoni, uifunge kwenye safu ya ndani kabisa ili ubaki na pa kulegeza mbavu zinapopanuka. Za kunyonyeshea zinunue wiki za mwisho, na chache, maana maziwa yakishuka matiti yatabadilika tena.

Bado nina neno na wanaouza mtandaoni. Picha zao ni zilezile: msichana mwembamba, mara nyingi tumbo lenyewe ni la kubandika, blauzi imevutwa chini mpaka mapajani. Mkanda hauonekani. Sehemu pekee inayoitofautisha suruali ya ujauzito na nyingine ndiyo wanayoifunika, kisha wanaandika kwamba nguo iliyojaribiwa hairudishwi. Utajuaje kama inakushika bila kuivaa? Kwa hiyo kabla hujalipa, omba picha mbili: mkanda ukiwa umegeuzwa ndani nje mshono uonekane, na lebo yenye asilimia ya spandeksi. Kwa mtumba omba na video fupi ya mkanda ukivutwa na kuachiwa. Haimchukui muuzaji dakika moja. Asipotaka kuipiga, nunua kwa mwingine.