Kadi za Dikembe Mutombo: seti nzuri, ila kagua mgongo wa kila kadi

Seti hii niliiagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam: kadi 20 za mpira wa kikapu, zote za Dikembe Mutombo, senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) Mkongo aliyecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa shilingi 95,000, nauli ya basi juu yangu. Bahasha niliipokea stendi ya Masanga, na tangu hapo vijana ninaowafundisha kikapu hapa Mwanga, Kigoma, hawaniachi nipumue.

Nilichokipenda zaidi ni mpangilio. Kadi nyingi zinazouzwa mitandaoni ni mchanganyiko, unapewa Jordan mmoja na watu kumi usiowajua. Huyu amezipanga kwa miaka: Denver Nuggets, waliomchagua wa 4 kati ya wachezaji wapya wa mwaka 1991, kisha Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York, hadi Houston alikostaafu mwaka 2009. Ukifunua albamu, jezi zinabadilika rangi na namba 55 iko palepale.

Halafu geuza kadi. Zile za miaka ya mwisho zina jedwali la kila msimu, na mimi huwapeleka vijana moja kwa moja kwenye safu ya bloku, yaani mipira ya wapinzani aliyoizuia ikielekea kikapuni. Msimu wa 1995-96 alikuwa na wastani wa bloku 4.5 kwa mechi! Jumla yake, 3,289, ni ya pili katika historia ya NBA, nyuma ya Hakeem Olajuwon. Senta wetu, ambaye hurukia kila danganya-toto (mpinzani akijifanya anarusha mpira), aliitazama ile safu kwa muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, sasa huyu alikuwa anaruka saa ngapi?" Nikamwambia asubiri mpira utoke mkononi. Somo hilo nilikuwa nimelirudia mpaka sauti ikakauka. Siku hiyo likamwingia.

Na sisi wa Kigoma tuna sababu yetu. Anga likitakata tunaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo Mutombo tunamhesabu jirani. Alizaliwa Kinshasa, akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akiwa na nia ya kusomea udaktari, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake ikafunguliwa hukohuko Kinshasa. Alipofariki Septemba 2024 niliumia kama nimefiwa na ndugu.

Sasa kasoro. Kadi ya kampuni ya Upper Deck ya 1991-92, ya msimu wake wa kwanza, ilikuwa feki. Halisi ina alama ndogo ya hologramu nyuma, ukiinamisha kadi inang'aa na kubadilika. Yangu ilikuwa na doa la kijivu lililochapwa tu, na maandishi yamefifia pembeni. Nilimtumia picha muuzaji. Akajibu, "Shikamoo mwalimu, naomba radhi sana," na jioni hiyohiyo akanirudishia 12,000 bila ubishi. Kwa hilo nampongeza, ingawa kadi yenyewe ndiyo niliyokuwa naitaka kuliko zote.

Vifuko vyake pia ni vya nailoni laini, na kadi mbili zilifika zimekunjika kona. Kwa unyevu wa ziwani hapa, nimezihamishia zote kwenye plastiki ngumu.

Kwa bei ile bado nasema inunue, hasa kama una vijana wa kuwafundisha. Ila kabla hujatuma hela, mwambie akupigie picha ya mgongo wa hiyo Upper Deck, mwanga ukiipiga kwa pembeni.